Kusafisha Vioo vya Juu kwa Fimbo ya Kurefusha

Habari zenu, mafundi. Leo tuna kioo cha mbele ya duka, kipande kimoja, hakina nondo wala wavu kwa nje, na ukingo wake wa juu uko mita 4 kutoka chini. Tutakisafisha bila kupanda ngazi. Dirisha lenye nondo kwa nje, sahau fimbo. Hilo ni la mkono.

Fimbo kwanza. Wengi wakifika dukani wanachagua ndefu kuliko zote, na kazi inaanza kuharibikia hapo. Kadiri unavyoirefusha, ncha inayumba na mpira wa skwiza, kile kifaa cha kuvutia maji kwenye kioo, unakosa mgandamizo. Chukua fupi inayofika. Piga hesabu hivi: mita 4, toa mita 1 pale mkono wa chini unaposhika, halafu ongeza kidogo kwa kuwa fimbo huwa imelala, haisimami wima. Unapata kama mita 3.2. Yenye vipande vitatu vya mita 1.25 inatosha. Ukishavuka mita 6, alumini inapinda mno kwa skwiza. Urefu huo unataka brashi inayopitisha maji yaliyochujwa madini.

Tazama ncha hii. Ina koni ya plastiki yenye kitufe, na mpini wa skwiza unaingia mpaka ulie "kach". Fimbo za rola za rangi zina nyuzi za kukazia, na ukizungusha kiganja kidogo tu zinalegea. Skwiza inaweza kumwangukia mtu kichwani. Kabla hujainua, vuta skwiza kwa nguvu. Kisha simamisha fimbo sakafuni uikandamize: klipu zikiteleza, kaza skrubu zake, na kama hazikazi, usiipandishe juu.

Ukihitaji urefu wa vipande viwili tu, vuta kile cha kati kilicho kinene, chembamba cha nchani kibaki ndani. Fimbo inakuwa ngumu zaidi, na klipu unayoirekebisha iko karibu na mkono wako.

Kabla ya kuinua, angalia juu. Alumini inapitisha umeme, kaboni nayo inapitisha, na fimbo yoyote iliyolowa usiiamini. Pakiwa na nyaya ambazo fimbo inaweza kuzifikia hata ikianguka, kazi hiyo iache.

Maji: lita 10, sabuni ya maji ya vyombo kijiko kimoja cha chai. Sabuni ya unga inaacha ukungu. Soksi ya kuoshea, ile ya kitambaa inayovishwa mpini wa T kwenye ncha ya fimbo, ichovye, kisha ikamue nusu. Ikijaa sana, maji yanashuka kwenye fimbo mpaka kwapani. Sugua kioo chote, pembe na kingo mara mbili. Majengo ya karibu na bahari yana chumvi, kwa hiyo osha, vuta maji, halafu osha tena. Chagua upande wenye kivuli. Jua likipiga kioo, sabuni inakauka kabla hujafika katikati.

Sasa skwiza. Anza na ya sentimita 35. Mpira utokeze kidogo kila upande, kama milimita 3, na ukingo wake usiwe na pengo. Upitishie kidole: ukihisi kidonda, geuza upande wa pili.

Kabla ya kuvuta, funga kitambaa kikavu kwenye skwiza na upitishe ukingo wa juu kabisa. Ukiruka hatua hii, tone moja litashuka baada ya wewe kumaliza.

Toa kitambaa. Weka mpira juu, pembeni kushoto, vuta moja kwa moja hadi chini. Usijaribu kuzungusha kama unavyofanya kwa mkono. Kwenye fimbo inataka uzoefu mkubwa. Inua, futa mpira kwa taulo la kiunoni, rudi juu, na safari hii mpira upandie sentimita 5 za sehemu iliyokauka. Ulaze kidogo ili maji yakimbilie upande wenye unyevu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, angalieni mikono yangu. Skwiza ikishuka na mikono ikabaki palepale, fimbo inazidi kulala, pembe ya mpira inabadilika, na unaanza kusikia mpira unaruka: tak-tak-tak. Kila mruko unaacha mstari wa kulala. Dawa yake, acha fimbo iteleze mikononi kuelekea nyuma yako, huku ukisogea hatua moja au mbili kwenye kioo. Mkia wa fimbo unatoka nyuma, basi weka mtu au koni ya barabarani, wapita njia wasichomwe. Sentimita 20 za mwisho malizia kwa mkono.

Ukiona mstari wa wima unaorudi mahali palepale kwenye skwiza, ni kidonda cha mpira au chembe ya mchanga. Mstari mwembamba kati ya mivuto miwili ni kwa sababu hukupandisha vya kutosha. Mpira ukilia na kukwama, kioo kimekauka. Rudia kuosha, usiongeze nguvu.

Ukimaliza, fungua klipu zote, simamisha fimbo kichwa chini maji yatoke, futa mchanga kwenye viungo. Usipake mafuta, zitateleza kesho. Skwiza itoe kwenye koni, na mpira uuache ukauke kivulini.