Kamasi Nyeusi Kwenye Tangi la Dizeli: Namna ya Kusafisha Trekta Lako

Hamjambo watazamaji, karibuni tena karakana kwetu hapa Kariobangi Light Industries. Leo tuna trekta lililotoka Kamulu. Msimu wa mvua linalima upande wa Machakos, kiangazi linavuta boza la maji. Mwenyewe analalamika hivi: likisimama linanguruma vizuri, likishika plau linaishiwa nguvu, linakohoa, linazima. Ukilipumzisha kidogo linawaka tena. Filta ilishabadilishwa, na haikuchukua muda tatizo likarudi.

Wengi wakifika hapo hukimbilia kulaumu stesheni kwamba imewauzia dizeli iliyochanganywa na mafuta taa. Mchezo huo upo, na ndiyo maana mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili faida ya kuchanganya ipungue. Lakini mafuta taa hayaleti hiki ninachotaka kuwaonyesha. Kijana, sogeza kamera hapa.

Hii ni filta tuliyoitoa na kuipasua. Tazama karatasi yake: imefunikwa ute mweusi, pembeni una rangi ya kahawia. Nikiushika na glavu unavutika, unateleza, mafundi wengi hapa wanauita kamasi tu. Ukinusa, kuna harufu ya yai viza. Hayo ni makazi ya vijidudu: bakteria, hamira za porini na kuvu, hasa kuvu mmoja ambaye wataalamu wanamwita Hormoconis resinae. Chakula chao ni dizeli yenyewe, lakini hawaishi ndani ya dizeli. Wanaishi kwenye maji yaliyotuama chini ya tangi, pale pale maji yanapokutana na mafuta. Shika hilo, maana kazi yote ya leo inatoka hapo. Tangi lisilo na maji halina kamasi. Tangi lenye maji, hata ukilimiminia dawa ya bei gani, utarudi tu kununua filta.

Kabla hujafungua spana yoyote, hakikisha kweli ni kamasi. Dizeli iliyokaa sana nayo hutoa uchafu mweusi kama lami, na huo dawa ya vijidudu haiusaidii. Chukua kipande kidogo cha ule uchafu, kitie kwenye kifuniko chenye thina kidogo, koroga. Uchafu wa lami kwa kawaida huyeyuka na thina inageuka nyeusi. Kamasi inabaki vipande na nyuzi zikielea. Huu wetu umegoma kuyeyuka, mnaona.

Sasa sampuli. Trekta liwe limelala usiku kucha bila kutikiswa, ili maji yashuke chini. Asubuhi, kabla mtu hajaliwasha, weka chupa safi ya kioo chini ya tangi, legeza nati ya kumwagia, pokea kiasi cha glasi moja. Watu wengi huchota juu kwa mpira, wanaona dizeli safi, wanafurahi. Juu hakuna habari yoyote. Habari iko chini.

Hii hapa ndiyo chupa yetu baada ya kutulia. Chini kabisa kuna maji, yana rangi ya chai ya rangi. Juu kuna dizeli. Katikati, angalieni vizuri, kuna utando mwembamba wa kahawia. Nikiinamisha chupa haupasuki, unajikunja pamoja na maji. Huo utando ndio unaonyonywa na bomba wakati trekta linaruka ruka kwenye matuta ya shamba, na ndiyo sababu linazima likiwa kazini na si likiwa limesimama uani.

Usalama, haraka haraka. Fanyia nje penye hewa. Tenganisha waya wa betri. Jirani akiwa anachomelea au anakata vyuma kwa grainda, mwombe asubiri au sogea wewe. Humu Light Industries cheche hazikosi. Vaa glavu za mpira na miwani. Na usiguse tangi hilo kwa mashine ya kuchomelea hata likionekana tupu na kavu.

Tunamwaga dizeli yote kwenye pipa safi. Usiitupe. Iache itulie siku moja au mbili, kisha vuta ile ya juu tu na kuipitisha kwenye filta nzuri yenye kutenganisha maji. Sehemu ya chini hesabu kuwa ni hasara. Wale wa kuchuja kwa fulana ya zamani, samahanini, fulana inazuia mende na majani. Bakteria anapimwa kwa maikroni, anapita akicheka, na nyuzi za fulana zinabaki kwenye mafuta.

Tangi likiwa tupu, litoe. Kwa trekta hili, tangi liko juu ya injini chini ya boneti: bolti nne, bomba la kwenda, bomba la kurudi, na waya wa geji. Kuna wanaoosha tangi likiwa mahali pake. Inawezekana kama tundu ni kubwa, lakini pembe za nyuma hutaziona, na kamasi hupenda pembe.

Fungua kipimo cha geji, toa koki pamoja na kichujio chake cha ndani. Mulika tochi ndani. Hili letu lina madoa ya kutu chini, vishimo vidogo kama vya sindano. Vijidudu wakila dizeli hutoa asidi, na asidi inatafuna chuma. Pitisha kidole juu ya kila kishimo. Kikiwa karibu kutoboka, tafuta tangi jingine pale Grogan, kwenye soko la vipuri hapa Nairobi, maana kiraka juu ya kutu ni kuahirisha tu.

Kuosha. Mimina dizeli safi lita tatu au nne, ingiza brashi yenye mpini mrefu, sugua sakafu na kuta. Mwaga kwenye beseni, uone kilichotoka. Rudia mpaka dizeli itoke na rangi ile ile iliyoingia nayo. Kwa tangi la chuma lenye kutu, mafundi hutia kokoto au nati na kulitikisa. Mimi napendelea mnyororo mmoja wa kutosha, kwa sababu mnyororo unatoka mzima, ila kokoto moja ikibaki utakutana nayo kwenye koki. Tangi la plastiki usilitie mnyororo, brashi inatosha.

Kuna swali la Jiki, naulizwa kila mara. Ni kweli Jiki inaua vijidudu. Pia inatafuna chuma na inaacha maji ndani ya tangi. Hapana. Petroli ya kuoshea, hapana pia, usije ukaungua kwa ajili ya tangi. Mashine ya maji ya moto unaweza kuitumia ikiwa tangi limetolewa, kwa sharti moja: likaushwe kabisa. Pulizia hewa ya kompresa, ligeuze mdomo chini juani hadi jioni, kisha lisuuze kwa dizeli safi kidogo ya kumwaga.

Usisahau mfuniko. Tazama mpira huu, umekatika upande mmoja. Maji ya mvua na ya kuoshea trekta yaliingilia hapa. Na hili tundu dogo la kupumulia limeziba matope, kwa hiyo tangi linavuta hewa kupitia ule mpira uliokatika, pamoja na chochote kilichokaa juu yake. Mpira mpya ni bei ya soda chache.

Mabomba: yafungue pande zote mbili, puliza hewa kutoka upande wa injini kurudi upande wa tangi. Usipulize kamwe kuelekea pampu ya dizeli, utapeleka uchafu mahali penye gharama kuliko kote. Bakuli la kioo la sedimenta, lile linalodaka maji na uchafu, lioshe, badilisha mpira wake. Filta weka mpya, zote kama ziko mbili. Nunua na seti nyingine ya akiba leo leo, nitaeleza sababu.

Sasa dawa. Kwenye maduka kuna chupa nyingi zilizoandikwa kwamba zinatibu dizeli, na hazifanyi kazi moja. Nyingine husafisha nozeli. Nyingine huyasambaza maji ndani ya dizeli yapite injini yakachomwe, na hizo sizipendi, kwa sababu pampu hulainishwa na dizeli yenyewe na maji hayalainishi kitu. Unayoitaka ni ile iliyoandikwa wazi kwamba inaua bakteria na kuvu, na kwamba inafanya kazi kwenye mafuta na kwenye maji pia. Iwe na maelezo ya vipimo viwili: kipimo kikubwa cha kutibu na kidogo cha kukinga. Leo tunatumia kikubwa.

Hapa tulieni kidogo, kwa sababu ndipo watu huharibu. Pima. Kama chupa inasema lita moja kwa lita 1,000 za dizeli, basi ni mililita moja kwa kila lita. Tangi la lita 80 linataka mililita 80. Kama inasema ppm 100, yaani sehemu 100 katika milioni, basi ni mililita 10 tu kwa lita 100. Nunua sindano kubwa pale duka la dawa, achana na vifuniko na macho. Mwezi wa pili mwaka 2020, huko Uingereza, ndege aina ya Airbus A321 iliruka kutoka Gatwick, injini zote mbili zikaanza kusumbua, ikabidi irudi kutua. Uchunguzi ulionyesha matangi yake yalikuwa yametibiwa kwa dawa ya aina hii hii, kwa kiwango cha takriban mara 38 ya kinachotakiwa. Mpimaji hakuielewa vizuri hiyo ppm. Ndege ina wahandisi na karatasi za kutia sahihi. Sisi tuna sindano, basi tuitumie.

Dawa yenyewe inachoma ngozi na inaweza kukuachia mzio, kwa hiyo glavu zibaki mkononi. Mimina dizeli safi nusu tangi, tia dawa, kisha jaza nusu iliyobaki ili ichanganyike yenyewe.

Kutoa hewa. Fungua koki. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga ile pampu ya mkono taratibu: kwanza litatoka povu, kisha dizeli yenye mapovu, kisha dizeli tupu. Kaza. Nenda skrubu ya pampu ya dizeli, fanya vile vile. Rudisha waya wa betri. Injini ikikataa kuwaka, legeza nati za mabomba ya nozeli kidogo, mtu apige stata mpaka dizeli itoke, kaza. Mkono wako ukae mbali na hapo: dizeli ya presha inatoboa ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali hata kama linaonekana dogo. Haya yote ni kwa matrekta ya pampu ya zamani kama hili. Kama lako ni jipya, la mfumo wa komonreli, yaani nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa, nati za nozeli usiziguse kabisa. Presha yake inapita bar 1,000. Fuata kitabu chake.

Likiwaka, liache lingurume kama dakika 15, dawa ifike kwenye filta, kwenye pampu na kwenye bomba la kurudi. Zima. Liache lilale kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Nyingi husema siku nzima au zaidi. Dawa inahitaji muda wa kukaa na vijidudu. Ukilipeleka shamba saa ile ile umefanya kazi nusu.

Wakati linalala, tuangalie maji yalitoka wapi. Hapa Nairobi usiku wa Julai ni baridi na mchana kunapata jua. Tangi lililoachwa robo limejaa hewa, na hewa hiyo ikipoa inaacha matone kwenye kuta. Kwa hiyo jaza tangi jioni baada ya kazi. Asubuhi umechelewa. Mtungi wa dizeli uwe wa dizeli tu. Ule wa kuchotea maji ambao "umekauka" haujakauka. Pipa la akiba liwe chini ya paa. Likilazimika kukaa nje, lilaze ubavu, vizibo viwili vikae usawa mmoja, kushoto na kulia, dizeli ivifunike kwa ndani. Pipa lililosimama hukusanya mvua juu ya kizibo na kuinyonya usiku. Ukivuta dizeli kutoka pipani, acha sentimita tano za chini. Na ukifika stesheni ukakuta lori la mafuta linashusha, rudi baadaye, acha uchafu wa tangi lao utulie.

Ule uchafu wetu wa kwenye beseni, na maji ya sampuli, unaingia kwenye pipa la oili chafu, unachukuliwa na mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Si mtaroni. Mtaro huu unakwenda Mto Nairobi, Mto Nairobi unaingia Athi, na huko chini kuna watu wanamwagilia mboga.

Mwisho, ile seti ya akiba. Vijidudu waliokufa hawapotei, wanabanduka kwenye mabomba na kukusanyika kwenye filta. Lima saa chache, mwaga sedimenta, kisha badilisha filta hata kama trekta halijalalamika. Ipasue hiyo uliyoitoa. Vipande vikavu vyeusi ni maiti, endelea na kazi. Ute mpya unaoteleza maana yake bado kuna maji mahali: anza na mfuniko, halafu pipa lako, halafu nati ya chini ya tangi asubuhi. Ukikwama, niandikie hapo chini aina ya trekta na picha ya chupa ya sampuli, chupa iwe imetulia kwanza.