Kuifunza Saa Kusoma Mapigo ya Moyo

Waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nieleze jinsi mtu anavyoingia katika kazi ya ujifunzaji wa mashine, yaani kuifunza kompyuta kwa mifano ya data, kwa vifaa vya afya vinavyovaliwa. Naomba nianzie kwenye kifundo cha mkono. Aliyevaa saa janja na aivue, aigeuze. Ule mwanga wa kijani hupenya ngozi kidogo tu, damu huufyonza, na kiasi kinachorudi hupungua kila moyo unaposukuma damu. Kwa kufuatilia mawimbi hayo ndipo saa hukadiria mapigo. Kwa mtu aliyetulia kitini kazi hiyo ni nyepesi. Balaa huanza anapokimbia.

Niliwahi kushangilia modeli, yaani programu iliyofunzwa kwa data, iliyompa mkimbiaji mmoja mapigo 170 kwa dakika, mpaka mwenzangu aliponifungulia data ya kihisi cha mwendo: 170 zilikuwa hatua zake. Saa ilikuwa ikihesabu miguu.

Kosa la pili nalikuta hadi leo kwa waombaji kazi wengi, na mimi mwenyewe nililifanya. Nilizikata rekodi za kila mtu vipande vya sekunde chache, nikavichanganya vyote, kisha nikavigawa vya kufunzia na vya kupimia, kwa hiyo modeli ikatahiniwa kwa watu wale wale iliokwisha kuwazoea. Alama zilikuwa za kujivunia. Ilipokutana na watu wageni ikaanguka vibaya. Siku hizi mtu aliyeingia kwenye mafunzo haonekani kamwe kwenye mtihani.

Na hao watu ni akina nani? Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba kipimo cha oksijeni cha kidoleni, ambacho nacho hutegemea mwanga, kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa Weupe. Kifaa hicho kilikuwa kimetumika hospitalini kwa miongo kadhaa.

Ndiyo maana anayeniletea maombi simuulizi kwanza ametumia modeli gani, ingawa wengi huja wamejiandaa kwa swali hilo. Namuuliza data yake imetoka kwenye mikono ya nani, saa ilikazwa au ililegea, na kama siku ile palikuwa na baridi, kwa kuwa mkono uliopoa mishipa yake hujibana na mawimbi hufifia.