Puli ya Krankishafti Haichomelewi

Walimu wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimekuja na kiroba, ndani mna puli mbili za krankishafti, ule mhimili mkuu wa injini unaozungushwa na pistoni. Hii ya kwanza nimeitoa kwenye HiAce yenye injini iitwayo 3L (hilo ni jina tu, si lita tatu), dizeli ya lita 2.8 isiyo na turbo. Ukiiangalia haraka unaona gurudumu la chuma la kuzungushia mkanda, basi. Sasa nashika kitovu kwa mkono huu, ukingo wa nje nausukuma kwa kidole gumba. Mmeona? Kitovu kimetulia, ukingo unakwenda. Haya ni mapande mawili ya chuma, na katikati kuna pete ya raba iliyokuwa imeyashika. Raba imeachia.

Gari lenyewe lilikuwa la abiria, Lushoto na Mombo. Mnaoijua ile barabara, kona juu ya kona, sina haja ya kueleza. Dereva alikuja gereji akalalamika mlio kama wa panya upande wa mbele wa injini. Fundi akamwambia mkanda umekauka, akaukaza, mlio ukanyamaza. Fundi huyo ni mimi. Kesho yake, akiwa anashuka karibu na Soni, taa ya chaji ikawaka. Alipokanyaga breki mara ya tatu, pedeli ikawa ngumu kama jiwe.

Kwa nini breki, na tatizo ni puli? Kwenye injini hizi pampu ya vakyumu, ile inayousaidia mguu kwenye breki, imefungwa mgongoni mwa altaneta inayochaji betri. Ukingo wa puli ukiteleza, mkanda unasimama. Altaneta nayo inasimama, na vakyumu iliyobaki inaisha baada ya kukanyaga mara chache. Breki hazijafa, ila unabaki na nguvu za mguu wako tu. Pampu ya maji nayo inategemea mkanda, kwa hiyo injini inaanza kuchemka. Alirudi gia ya kwanza, akashuka taratibu mpaka akapata pa kuegesha. Aliniambia maneno ambayo hapa mbele ya walimu siyasemi.

Sasa, raba ya nini? Dizeli kama hii inabana hewa karibu mara 22. Kila silinda inapowaka, krankishafti inapigwa pigo, inajipinda kidogo sana kama nguo inayokamuliwa, halafu inajirudi. Silinda nne maana yake mapigo mawili kila mzunguko. Ukingo mzito ulioshikwa na raba unachelewa kidogo nyuma ya kitovu, na kule kuchelewa ndiko kunakoula mtetemo. Tatizo hili ni la zamani: mhandisi Frederick Lanchester wa Uingereza alihangaika nalo mwanzoni mwa karne ya 20.

Ndiyo maana nakasirika nikiona puli imechomelewa. Nimeziona nyingi: fundi anapiga vidonda vinne vya moto, ukingo unashikana na kitovu, mteja anaondoka anacheka. Mlio umekwisha kweli, lakini mtetemo sasa hauna pa kufia. Unarudi kwenye krankishafti, na chuma kinachochoshwa hivyo mwisho hupata ufa. Isitoshe, puli iliyochomelewa haikai sawa kwenye mzunguko.

Kuitoa. Fungua betri, toa mikanda, zuia flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, isizunguke. Bolti ya katikati ni kaidi. Tumia soketi nzuri na bomba refu, usiifungue kwa kupiga stata. Kisha pula, kile kifaa cha kuivutia puli itoke. Pula ishike kwenye matundu ya kitovu yenye nyuzi, kucha zake zisiguse ukingo. Ukivuta ukingo unaichana raba, hata kama puli ilikuwa nzima.

Ikishatoka, usikimbilie kufunga mpya. Tazama sili ya mbele: oili inayovuja hapo ndiyo huilainisha raba mpaka ikaachia. Tazama kii, kile kipande kidogo cha chuma ndani ya mfereji wake. Kama bolti ililegea, kii imepigwapigwa na mfereji umepanuka. Ukifunga puli mpya hapo itacheza tena, na siku kii ikikatika majira ya injini, yaani mpangilio wa valvu na pistoni, yanahama, valvu zinakutana na pistoni. Mfereji ulioharibika apelekewe fundi wa kukereza, si wa kuchomelea. Mwisho bolti ikazwe kwa spana ya kipimo, kwa namba ya kitabu cha injini ile ile, si ya gari la jirani.

Alama ya majira iliyochongwa ukingoni nayo usiiamini kwenye puli ya zamani. Ukingo ukishateleza, alama imehama nao. Ukiweka mkanda wa majira, fuata alama za kwenye gia zenyewe.

Kuna mmoja kaniuliza mlangoni kuhusu puli za mtumba. Chuma chake kinaweza kuwa kizuri, lakini raba ina umri ule ule wa gari ilikotoka. Mimi sinunui.

Hii ya pili kirobani sijawaambia kama ni nzima au mbovu. Chaki ziko mezani. Pigeni mstari mmoja kutoka kitovuni mpaka ukingoni, tuifunge kwenye injini ya karakana, tuwashe dakika 10, halafu tuone kama mstari bado umenyooka.