Mtoto anayekoroma kila usiku: tuongee kuhusu mafindofindo na nyama za puani

Habari za saa hizi wazazi, asanteni kwa kuja, na waliokuja na watoto wakae nao tu hapa hapa hawatusumbui.

Leo nataka tuongee kitu ambacho wazazi wengi wanakisikia kila usiku ila wanakipita, mtoto kukoroma. Tena wengine wananiambia kwa furaha kabisa, dokta huyu akilala analala kweli, anakoroma kama baba yake. Hapana ndugu zangu. Mtoto mdogo mwenye afya anapumua kimya usiku na mdomo umefungwa. Akiwa na mafua akakoroma siku mbili tatu hiyo haina shida, itaisha na mafua yake. Lakini akikoroma karibia kila usiku na mafua hana, basi kuna kitu kinabana njia ya hewa, na kwa mtoto wa miaka 2 mpaka 7 hivi kitu chenyewe mara nyingi ni nyama za puani, mafindofindo, au vyote viwili kwa pamoja.

Mafindofindo unaweza kuyaona mwenyewe, mtoto akifungua mdomo utayaona huku na huku pembeni ya koo. Nyama za puani huzioni hata umulike vipi, zipo nyuma kabisa ya pua, juu ya kaakaa laini, ndo maana mtoto anaweza kuangaliwa koo akaambiwa yuko safi kumbe juu kumeziba. Na niseme mapema, kila mtoto anazaliwa na hizi tishu, ni sehemu ya kinga ya mwili, kuwa nazo sio ugonjwa. Shida ni kwamba kwenye umri wa chekechea zinakua haraka wakati nafasi ya nyuma ya pua bado ni ndogo, alafu baadae zinaanza kusinyaa zenyewe na akifika ujana nyingi zinakuwa karibu zimeisha. Kwaiyo swali letu kila siku ni moja, je huyu mtoto anaweza kusubiri mpaka zisinyae, au kusubiri kunamuumiza? Jibu liko kwenye usingizi wake.

Nisikilizeni hapa vizuri. Usimwangalie dakika kumi baada ya kulala ukasema nimemwangalia. Kubana kwa hewa kunazidi kwenye usingizi wa ndoto, na huo unakuwa mwingi kuelekea alfajiri, kwaiyo tega saa uamke muda huo, mtoe fulana au ipandishe juu, washa mwanga kidogo, chukua simu urekodi dakika mbili tatu na sauti isikike. Angalia pale chini ya shingo kwenye kale kashimo, na chini ya mbavu, je panaingia ndani kila akivuta hewa huku tumbo linatoka nje? Je anakoroma alafu ghafla kimya, kifua kinahangaika lakini hewa haipiti, sekunde kadhaa, alafu anashtuka kama anapaliwa, anageuka, anaanza tena? Wengine wanalala shingo wameikunja nyuma, wengine wamepiga magoti kifudifudi, wanatoka jasho mpaka shuka linalowa. Hiyo video mletee daktari, inatusaidia kuliko maelezo marefu, maana mtoto akija kwetu mchana anacheza tu huoni kitu.

Mchana nako kuna dalili ila zinapotosha. Mtu mzima asipolala vizuri anasinzia, mtoto yeye mara nyingi anakuwa mtundu kupita kiasi, hatulii, analia hovyo, na huyo ndo anaishia kuchapwa kwa kitu ambacho sio kosa lake, na hili linaniuma sana. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena. Kichwa kinauma asubuhi. Anakula taratibu maana hawezi kutafuna na kupumua kwa wakati mmoja, wengine hata uzito hauongezeki.

Alafu masikio. Kile kijinjia kinachoingiza hewa kwenye sikio la kati kinafunguka pale pale jirani na nyama za puani, kukiwa na uvimbe maji yanajikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, hayaumi, hayatoki nje, ila mtoto anasikia kwa mbali. Wilhelm Meyer, daktari wa Copenhagen, aliandika kuhusu nyama hizi na kutosikia tangu mwaka 1868, yaani sio habari mpya. Ukiona anaongeza sauti ya tivii, unamwita mara tatu ndo anageuka, au anachelewa kuongea, omba apimwe usikivu, usianze na kumwita mkaidi.

Sasa mkifika hospitali. Mafindofindo tunayapa daraja kuanzia 1 mpaka 4 kwa jinsi yalivyoziba koo, lakini ukubwa peke yake hausemi mtoto anaumia kiasi gani. Yupo mwenye mafindofindo yanakaribia kugusana na analala vizuri, na yupo mwenye madogo ila usiku anahangaika. Eksirei ya shingo ya pembeni inasaidia kuona nyama za puani ila mtoto akipigwa huku analia picha inaweza kudanganya, kamera ndogo inayopitishwa puani inaonyesha vizuri zaidi. Kipimo bora cha usingizi ni kulala hospitali na mashine inayorekodi pumzi, oksijeni na moyo, kisipokuwepo tunaunganisha historia, uchunguzi na ile video yako. Mtu akikuonyesha eksirei tu akakwambia kesho tunatoa, muulize usingizi wake umeuangaliaje.

Tiba. Kwa mwenye dalili za wastani, asiyeacha kupumua usiku, kuna nafasi ya kujaribu dawa za pua kwanza. Kuna utafiti ulifanyika Australia ukatoka mwaka 2023, watoto 276 wa miaka 3 mpaka 12, kundi moja walipewa spreyi ya steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, kundi jingine spreyi ya maji ya chumvi kwa wiki 6, waliopona dalili ni asilimia 44 kwa 41, yaani karibu sawa! Mimi kwa hilo huwa naona maji ya chumvi ni pa kuanzia pazuri, hayana gharama kubwa wala madhara makubwa. Ila yapulizwe sawasawa, kichwa kiiname mbele kidogo, ncha ielekee upande wa sikio la upande huo huo, sio katikati kwenye ukuta wa pua maana utamtoa damu, na fanya kila siku, sio leo ndio kesho hapana. Vile vidonge vya montelukasti, dawa ya kupunguza uvimbe kwenye njia ya hewa, navyo vinatumika kwa baadhi, lakini mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali mwaka 2020 kuhusu kubadilika kwa tabia, ndoto mbaya na mawazo mabaya, kwaiyo akianzishiwa mwangalieni kwa karibu. Antibayotiki ni za maambukizi ya bakteria, kumpa mtoto kila mwezi ili nyama zipungue ni kumpa kitu kisichofanya kazi hiyo. Na moshi wa sigara, jamani baba, hata ukivutia nje unarudi nao kwenye nguo.

Operesheni inaingia pale usingizi unapoharibika kweli, pumzi inakatika, hakui, au dawa zimeshindwa. Marekani mwaka 2013 ulitoka utafiti wa watoto 464 wa miaka 5 mpaka 9, waliofanyiwa mapema usingizi ulirudi kawaida kwa asilimia 79 baada ya miezi 7, waliosubiri asilimia 46. Tabia na maisha ya kila siku viliboreka zaidi kwa waliofanyiwa, ila kipimo cha umakini hakikutofautiana kwa maana. Mnaona zote mbili? Operesheni inasaidia, na karibu nusu ya waliosubiri nao walikaa sawa, ndo maana kwa asiye na hali mbaya hatukimbilii kisu. Waliokuwa na hali mbaya sana hawakuwekwa kwenye utafiti ule, hao wasisubirishwe.

Kwa koo linalouma mara kwa mara hesabu ya kufanya operesheni ni tofauti. Kipimo kinachotumika sana ni koo kuuma mara 7 ndani ya mwaka mmoja, au 5 kila mwaka kwa miaka 2, au 3 kila mwaka kwa miaka 3, na ziwe zimeandikwa na mhudumu wa afya. Tunza hilo daftari lake.

Kuna swali huwa naulizwa kila mahali, zikitolewa kinga si itaisha? Haiishi. Mwili una tishu nyingine nyingi za kinga na watoto waliofanyiwa wanaendelea kupambana na magonjwa vizuri tu. Kabla ya siku yenyewe mwambie daktari kama ana mafua au homa, kama kuna jino linalolegea, kama kwenye ukoo kuna mtu anayetoka damu isiyokata, na kama aliwahi kuwa na mpasuko wa kaakaa, maana huyo akitolewa nyama zote za puani hewa inaweza kuanza kutokea puani akiongea. Wa chini ya miaka 3 kwa kawaida analazwa usiku ule ili aangaliwe.

Baada ya hapo maumivu ya koo yanaweza kufika wiki 2, yakapanda mpaka sikioni, na kooni utaona utando mweupe na mdomo unanuka, ule sio usaha. Mpe parasetamo na ibuprofeni kwa vipimo vya uzito wake kama daktari alivyosema, kodeini, ile dawa kali ya maumivu, asipewe kabisa, imewahi kuwaua watoto baada ya operesheni hii hii, na aspirini pia hapana. Anywe, anywe, anywe, hata kidogo kidogo, koo likikauka linauma zaidi, mkojo ukipungua rudi hospitali.

Damu ndo inayotutisha. Inaweza kuja ndani ya saa 24, au siku ya 5 mpaka 10 ule utando ukibanduka, wakati nyinyi mmeshasahau. Mtoto aliyelala akiwa anameza mate mfululizo mulika mdomoni, anaweza kuwa anameza damu. Ukiona damu nyekundu inatoka au anatapika damu nenda hospitali muda ule ule, usingoje pakuche.

Na baada ya wiki kadhaa rekodi tena usingizi wake. Mwenye uzito mkubwa, mwenye Down syndrome, yaani aliyezaliwa na kromosomu moja ya ziada, au aliyekuwa na hali mbaya tangu mwanzo anaweza kubaki na shida hata baada ya kutolewa, na nyama za puani kwa wengine zinaota tena hasa wakitolewa wakiwa wadogo sana, kwaiyo akianza kukoroma upya mrudishe tu tuangalie.

Haya, maswali, tuanze na mama pale nyuma.