Siku Ini Linapogoma Kuota

Walio nyuma, sogeeni; viti vya mbele havina mwenyewe. Haya.

Mswahili akichomwa na maneno husema amekatwa maini. Daktari wa upasuaji huyakata kwelikweli, na aliyekatwa akapona. Mwaka 1931, kule Marekani, watafiti Higgins na Anderson waliondoa theluthi mbili za ini la panya; haikupita muda mrefu uzito ukarudi. Ila pande lililoondolewa halichipui pale lilipokuwa. Lililobaki ndilo linalonenepa. Anayemgawia nduguye ini hutegemea jambo hilohilo.

Sasa mtu amemeza vidonge vingi vya parasetamoli, na siku ya tatu au ya nne macho ni ya njano, damu haigandi, anaongea yasiyoeleweka. Mbona hilo ini halioti?

Kisu hukata kikaondoka, na theluthi inayobaki ni nzima. Sumu haifanyi hivyo. Ini lenyewe hugeuza sehemu ndogo ya parasetamoli kuwa sumu, na kwa kawaida huizima kwa akiba yake ya glutathayoni, kemikali ya kinga iliyomo ndani ya seli. Akiba ikikauka, sumu hushambulia seli, ikianzia zile zilizo karibu na mshipa wa kati wa kila kijisehemu cha ini. Seli jirani ndizo tulizozitegemea zigawanyike, nazo zimejeruhiwa, zimezungukwa na uvimbe, zinapokea ishara za kusimama badala ya kuzaana. Panya waliopewa miligramu 300 za parasetamoli kwa kila kilo ya mwili, maini yao yaliota. Kwa miligramu 600, mgawanyiko wa seli ulidumaa. Yaani jeraha ndilo linaloita uponyaji, na likizidi kiasi ndilo linaloufungia mlango. Mimi hilo bado linanishangaza.

Kuna seli za akiba kwenye vifereji vya nyongo, lakini kazi yao ni ya taratibu, na ubongo wa mgonjwa, ini likishindwa kazi, unavimba leo.

Basi tiba nyingi ni za kununua muda. Dawa ya asetilisisteini hurudisha glutathayoni, na hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa nane za mwanzo tangu vidonge vimezwe. Tafadhali msisubiri macho ya njano. Mara chache madaktari hupandikiza kipande cha ini la mtu mwingine bila kuling'oa lote la mgonjwa. La kwake likiamka, dawa za kukinga kipande kisikataliwe hupunguzwa kidogokidogo, nacho hunyauka humohumo tumboni.