Joto la Tanuu Huenda Wapi?

Habari za jioni, wazee wangu, walimu na vijana. Waliokaa mbele warudi nyuma kidogo, na mtu asiinamie sufuria hii. Chokaa ikirukia jicho si mchezo.

Humu mna mabonge ya chokaa iliyotoka tanuu, haijaonja maji. Namwagia maji ya bomba. Subirini... Mnasikia inavyolia? Bonge linapasuka, linavimba, mvuke unapanda, na chini hakuna jiko wala kiberiti. Joto hili limetoka wapi?

Twende pwani. Kilwa Kisiwani, Gedi, Lamu: kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Magogo hupangwa, mawe yakawekwa juu, moto ukawashwa. Mwanzoni moto hukausha maji tu. Maji yakiwa mvuke bado ni maji, hayo ni mabadiliko ya kiumbo, lakini si ya bure: kilo 1 ya maji yanayochemka hula kilojuli, yaani vipimo vya joto, zipatazo 2,257 hadi yaishe kuwa mvuke, na muda wote huo kipimajoto kimeganda kwenye nyuzi 100. Ndiyo maana mchomaji anayeijua kazi hapendi kuni mbichi.

Jiwe likikaribia nyuzi 900, kalsiamu kabonati, yaani kitu chenyewe kilicholifanya jiwe la matumbawe, huvunjika. Gramu 100 za jiwe safi hutoa gramu 44 za hewa ya ukaa, zikabaki gramu 56 za chokaa. Kuvunja huko kunadai kilojuli 178. Vitabu vingine husema joto hilo "limehifadhiwa" ndani ya chokaa. Siupendi usemi huo. Gunia la chokaa hii ukiligusa ni la baridi. Kilichotokea ni kwamba chembe zimeachanishwa na zilichokuwa zimeshikana nacho. Zikipata tena cha kushikana nacho, joto hutoka.

Cha kwanza ni maji. Gramu 56 hushika gramu 18 za maji na kutoa kilojuli 65. Kwa kilo nzima ni zaidi ya kilojuli 1,100, za kutosha kuchemsha karibu lita 4 za maji kama zisingepotea. Ndicho mnachokisikia hapa.

Kati ya zile 178 zimerudi 65, bado 113. Hizo hutokea ukutani. Fundi akishapaka, chokaa huvuta hewa ya ukaa, huachia maji, na kurudi kuwa kalsiamu kabonati. Mbona basi hakuna aliyeungua kwa kuegemea ukuta? Hewa ya ukaa ni chache, haifiki sehemu 5 katika 10,000 za hewa, tena lazima ipenye taratibu. Ukuta mnene huchukua miaka. Joto linatoka kidogo kidogo, upepo unaondoka nalo.

Jumlisheni: 65 na 113 ni 178. Mkemia Germain Henri Hess aliitangaza kanuni hii St. Petersburg mwaka 1840: ukianzia pale pale na kuishia pale pale, hesabu ya joto ni moja, hata ukipita njia ya mzunguko.

Kuna aliyeniuliza mlangoni kama basi kuchoma chokaa hakuchafui hewa. Kunachafua. Ukuta hurudisha zile gramu 44 za jiwe tu. Moshi wa magogo haumo katika hesabu hii, na tanuu la wazi hula kuni nyingi mno kupita hizo kilojuli 178, kwa kuwa joto jingi hupaa juu bila kuligusa jiwe.