Kuitafutia vigawo nambari 4,294,967,297 kwa kalamu na daftari

Karibuni, watazamaji. Leo tuko barazani, Mji wa Kale hapa Mombasa, na kazi yetu ni kuitafutia vigawo nambari 4,294,967,297. Kikokotoo hiki nimekiazima dukani kwa ami yangu, lakini kioo chake hakipiti tarakimu 8, nayo nambari yetu ina 10. Kwa hivyo tutakiweka kando tushike kalamu.

Andika kwanza asili ya nambari hii: ni 2 kipeo cha 32, ukiongeza 1. Pierre de Fermat, mwanahesabu wa Ufaransa wa karne ya 17, aliona kuwa 3, 5, 17, 257 na 65,537, zinazoundwa kwa kanuni iyo hiyo (2 kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, ukiongeza 1), zote ni tasa, akadhani kwamba na zinazofuata ni vivyo hivyo. Leonhard Euler, mwanahesabu wa Uswisi, ndiye aliyeonyesha, mwaka 1732, kuwa hii ya leo si tasa.

Ukijaribu nambari tasa moja baada ya nyingine kuanzia 2, utalipata jawabu kwenye jaribio la 116. Tufuate njia ya Euler: kila kigawo tasa cha nambari hii, ukikigawa kwa 64, huacha baki 1. Orodhesha basi 65, 129, 193 na kuendelea kwa kuongeza 64, ukifuta kila isiyo tasa. Hadi 641 zinasalia tano tu: 193, 257, 449, 577 na 641 yenyewe. Ukigawa kwa 193 unapata baki 109, kwa 449 baki 325, kwa 577 baki 288. Hiyo 257 msijisumbue nayo: nambari yetu ni zao la zile tano za Fermat ukiongeza 2, kwa hivyo baki haiwezi kuwa nyingine ila 2.

Sasa 641, na hapa twende polepole. Katika 4294 inaingia mara 6, baki 448. Shusha 9 upate 4489. Inaingia mara 7, baki 2. Shusha 6 upate 26, ambayo haitoshi, kwa hivyo andika sufuri juu. Shusha 7 upate 267, bado haitoshi; andika sufuri ya pili. Mimi mwenyewe niliwahi kuisahau sufuri hiyo ya pili, nikapata 670,417 na kufunga daftari nikiamini nimemaliza. Shusha 2 upate 2672: mara 4, baki 108. Shusha 9 upate 1089: mara 1, baki 448. Shusha 7 ya mwisho upate 4487, ambayo ni 641 mara 7 kamili. Jawabu ni 6,700,417.

Je, hii nayo inavunjika? Kipeuo chake cha pili hakifiki 2589, na nambari tasa za umbo letu zilizobaki chini ya hapo ni saba: 641, 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Zijaribuni kwa mgawanyo uo huo; hakuna itakayoingia bila baki, kwa hivyo vigawo vya nambari yetu ni vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe.